Mwacheni Simba Apumzike

Kama umewahi kuketi ukumbini siku ambayo wanafunzi wa filamu wa Eldoret wanaonyesha miradi yao ya mwisho, basi huyo simba unamjua. Anatokea dakika ya pili au ya tatu. Amesimama kwenye nyasi ndefu za rangi ya dhahabu ambazo hazipo popote kuanzia Kapseret hadi Moiben. Manyoya ya shingo yanapepea, ilhali miti iliyo nyuma yake, ile iliyopigwa kwa kamera ya kweli, imetulia tuli. Anageuza kichwa polepole. Ananguruma. Halafu skrini inakuwa nyeusi, jina la mwongozaji linatokea, na sisi tunapiga makofi kwa sababu tunajua huyo kijana hajalala wiki mbili.

Mimi nimechoka kupiga makofi. Simba huyo nimemwona akiwa mlinzi wa kijiji, akiwa mzimu wa babu, akiwa ishara ya uongozi bora, akiwa ndoto ya msichana aliyekosa karo. Hubadilishwa jina tu. Ukimtazama vizuri ni yule yule aliyepakuliwa bure mtandaoni, na mwendo ule ule aliokuja nao, na ngurumo ile ile. Ukiwauliza wenyewe, jibu ni moja, na walimu wao hulirudia: tungekuwa na mashine za maana, angetoka mzuri zaidi.

Hapo ndipo tunapokosana. Kwa asiyejua, kazi yenyewe huenda hivi. Mwanafunzi anapiga picha za watu halisi mahali halisi. Halafu ndani ya kompyuta anaunda mnyama: umbo lake, mifupa na viungo vya kumchezesha, ngozi, manyoya, mwanga. Mwisho anamtia ndani ya zile picha ili mtazamaji aamini kwamba mtu na mnyama walisimama pamoja, jua moja likiwapiga wote wawili. Ni kazi ngumu na ninaiheshimu. Lakini sikubali kwamba inatushinda kwa sababu ya mashine. Inatushinda kwa sababu tunahuisha wanyama ambao hatujawahi kuwatazama, kwa ajili ya macho ya watu ambao hawana mpango wa kututazama.

Huyu simba alitoka wapi? Porini hakutoka. Uasin Gishu ya leo ni mahindi, ngano na maziwa. Mtoto wa Langas au Kimumu akitaka kuona simba ni lazima apande gari hadi Nakuru au Maasai Mara, alipe kiingilio, kisha abahatike. Wengi wetu hatujaenda. Simba wetu alitoka kwenye skrini. Mwaka 1994 Disney ilitoa The Lion King, na ndani yake majina ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Kabla ya kuichora, watengenezaji walikuja Kenya, wakafika Hell's Gate kule Naivasha, wakaangalia miamba na mwanga. Mwaka 2019 hadithi hiyo ikarudiwa kwa kompyuta chini ya Jon Favreau, na kabla ya kazi kuanza wakatumwa tena watu Kenya kupiga picha za nyasi, mawingu na wanyama. Katika filamu ile nzima ni shoti moja tu iliyopigwa kwa kamera ya kawaida, lile jua linalochomoza mwanzoni. Vingine vyote vilijengwa, na vilijengwa na watu waliokuwa wameangalia.

Sasa ona kichekesho. Watu wamesafiri kutoka California kuja kuangalia. Sisi tuko hapa hapa, na tunachofanya ni kuangalia walichoangalia wao. Mwaka 2018, watu walipogundua kwamba Disney ilishasajili maneno Hakuna Matata kama alama ya biashara kwenye nguo huko Marekani, ombi la kupinga lilizunguka mitandaoni na maelfu wakatia sahihi. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini kukasirikia fulana ni rahisi. Lililo gumu ni kukubali kwamba tumewaachia pia macho yetu, bila hata kuombwa.

Fanya jaribio dogo. Mwambie mwanafunzi yeyote ahuishe ng'ombe aliyelala ambaye anataka kuinuka, na usimpe nafasi ya kutafuta video. Wengi watamwinua kama mbwa: miguu ya mbele inasimama, halafu mgongo unafuata. Sasa toka nje umuulize mtoto wa Kesses ambaye huamshwa alfajiri kukamua. Atakucheka. Ng'ombe huinuka nyuma kwanza. Anakusanya miguu, anapiga magoti ya mbele, anarusha kichwa na uzito wake mbele, kiuno kinapanda, na kwa kitambo kidogo anabaki hivyo, nyuma juu mbele chini, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoingia chini ya kitanda. Ndipo mguu mmoja wa mbele unyooke, kisha wa pili. Punda ni kinyume chake, yeye huanza na mbele. Ukikosea hapo, hata umpake manyoya ya milioni ngapi, mama yako atakaa ukumbini aone kuna kitu hakijakaa sawa. Pengine hatajua kukieleza, ila atakiona.

Na hapo tumegusa kuinuka tu. Bado kuna kucheua, ambapo taya la chini huenda upande kwa upande, wala si juu na chini kama mtu anayekula chapo. Kuna kula nyasi: ng'ombe hana meno ya mbele kwenye ufizi wa juu, kwa hiyo ulimi ndio unaozungushia nyasi na kuzivuta. Kuna masikio, ambayo kila moja lina shughuli zake. Kuna ile ngozi ya ubavuni inayotetemeka peke yake inzi akitua, mguu wala mkia haujasogea. Kuna mvuke wa puani saa kumi na mbili asubuhi, maana hapa tuko juu, kama mita 2,100, na baridi ya asubuhi si mchezo. Hiyo ni maktaba nzima ya mienendo, na nusu ya darasa imekua ndani yake. Vijana hawa wameshika viwele, wamevuta ndama, wamepigwa teke. Halafu wanafika chuoni, wanaambiwa wafungue YouTube wajifunze mnyama hutembeaje.

Najua swali linalokuja, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi: kama ni ng'ombe, si tumpige picha tu wa kweli? Wako tele. Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ng'ombe hawakusoma gazeti. Bado wanavuka barabara wanavyotaka. Basi kwa nini kuteseka na kompyuta?

Kwa sababu ng'ombe wa kweli hatapanda ngazi za hosteli hadi ghorofa ya tatu usiku. Hatasimama nyuma ya msichana kwenye foleni ya mpesa na kumpumulia shingoni hadi ageuke. Hatavua macho kwenye kamera kwa wakati ule unaoutaka. Efekti zipo kwa ajili ya lile jambo lisilowezekana. Lakini jambo lisilowezekana huaminika pale tu ambapo kila kinacholizunguka kinawezekana, na mtazamaji wa hapa ana njia ya kupima. Ng'ombe anamjua. Ukimdanganya, atakukamata, ukisema kweli, atakufuata hata kwenye ngazi. Simba je? Simba hana wa kumpima. Hakuna mtu ukumbini aliyewahi kusimama hatua tatu kutoka kwa simba, kwa hiyo kila kosa linasamehewa, na mwanafunzi anahitimu akiwa hajawahi kukamatwa. Huo ndio utamu wa simba, na ndio sumu yake.

Turudi kwenye mashine, maana sitaki mtu aseme nimekwepa. Hesabu ni hii. Dakika moja ya filamu kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 1,500. Kila fremu lazima irendwe, yaani kompyuta iachwe iipike picha moja moja. Simba mwenye manyoya marefu kwenye laptopu ya kawaida, tuseme fremu moja inachukua dakika 10. Hizo ni dakika 15,000, saa 250, zaidi ya siku 10 mfululizo bila stima kupotea. Nani Eldoret ana siku 10 bila stima kupotea? Lakini tazama mzigo umetoka wapi: manyoya marefu, nyasi ndefu, dakika nzima. Ng'ombe ana nywele fupi zilizolala. Mwili wake unaweza kubebwa na picha nzuri ya ngozi iliyopigwa kwa simu, na nywele chache za kuundwa masikioni, kwenye utosi na nchani mwa mkia. Nyasi usiziunde kabisa, zipige picha. Fanya sekunde 30 badala ya dakika. Hizo ni fremu 750. Kwa dakika 2 kila moja, ni saa 25. Hifadhi kila fremu kama picha yake pekee, usitoe video moja kwa moja, ili stima zikienda uendelee palipokatikia. Umemaliza kabla ya Jumatatu, na tokeni haijakuua.

Programu yenyewe ni ya bure. Blender ilikombolewa mwaka 2002, pale wapenzi wake walipochanga euro 100,000 ili msimbo wake ufunguliwe kwa kila mtu, na tangu hapo hakuna aliyelazimika kuinunua wala kuiiba. Ndani yake kuna kila kitu ninachokisema hapa, pamoja na zana ya kusoma mwendo wa kamera ili mnyama wako asiteleze juu ya ardhi. Mwaka 2024 Gints Zilbalodis wa Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni 2, alitoa Flow, filamu ya paka mmoja na wanyama wenzake ndani ya mafuriko, iliyotengenezwa kwa Blender. Machi 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya animesheni. Sitakudanganya kwamba ilikuwa kazi ya bure. Ilikuwa na bajeti ya mamilioni ya euro na timu. Ila filamu ndefu aliyoitangulia nayo, Away ya 2019, aliitengeneza peke yake, hadi muziki.

Mtazame paka wa Flow. Ukisimamisha picha, manyoya yake si kitu. Yamechorwa mapanapana kama kwa brashi, hakuna unywele unaoonekana mmoja mmoja. Mwache atembee sasa, na kila mtu aliyewahi kuishi na paka anashika kifua. Anasita kabla ya kuruka. Anajilamba akiwa na aibu. Hasemi hata neno moja filamu nzima, na sauti zake ni za paka halisi. Na kati ya wenzake yumo yule ndege mrefu wa nyika zetu anayeua nyoka kwa mateke. Mlatvia amemwona anafaa. Sisi tuliye naye, sijawahi kumwona kwenye mradi hata mmoja wa mwanafunzi.

Kuna hoja ya pili ambayo ni nzito kuliko ya mashine, nayo ni ya tumbo. Komredi mmoja aliniambia wazi: studio za nje zinataka kuona simba. Ukituma kijivideo chako cha kuombea kazi kikiwa na ng'ombe, nani atakupigia simu? Sicheki hoja hii. Karo imelipwa, mkopo unasubiri, nyumbani wanauliza kazi lini.

Lakini tuangalie hizo studio zenyewe. Rhythm & Hues ya California ndiyo iliyounda chui-milia wa Life of Pi, mmoja wa wanyama bora kabisa waliowahi kutengenezwa kwa kompyuta. Februari 2013 kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi, na siku chache baadaye ikashinda Oscar kwa chui-milia huyo huyo. MPC, waliounda simba wa 2019, walikuwa chini ya Technicolor. Februari 2025 Technicolor ikaporomoka, na maelfu ya watu wakajikuta nje, wengine baada ya barua pepe tu. Hao walikuwa mafundi wa daraja la kwanza duniani wa kazi hiyo hiyo unayoiigiza wewe kwenye laptopu ya kuazima. Kama wao waliachwa mataani, ngazi unayoipanda inaelekea ghorofa gani?

Na sasa kuna programu za akili mnemba ambazo ukiziandikia maneno machache zinakupa simba wa dhahabu kwenye nyasi za dhahabu kabla chai haijapoa. Zinamtoa haraka kwa sababu simba huyo ametengenezwa mara nyingi mno na kila mtu. Mwanafunzi anayeshindana nazo kwa simba ameshapoteza, na sioni haya kumwambia. Kitu ambacho bado ni chake ni kile alichokiona mwenyewe na ambacho wengine hawajakijaza mtandaoni: ng'ombe huyu, wa nyanya yake, mwenye pembe moja iliyoinama, anayekataa kuingia zizini mvua ikinyesha.

Hata ukitazama kazi za wanyama zilizotoka kwetu zikafika mbali, utaona hivyo. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kurushwa 2010 kwenye CBeebies ya Uingereza, ilihuishwa Nairobi, Homeboyz, na wanyama wake walichukua sura kutoka uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, wenye madoa na rangi zinazopiga kelele. Hakuna aliyewadhania ni wanyama wa Disney. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza 2014, inafundisha hesabu kwa wanyama wa karatasi tu ukilinganisha na yale manyoya ya Hollywood, na watoto wa nchi nyingi wanaimba nao. Kwame Nyong'o, aliyetengeneza The Legend of Ngong Hills, alishiriki kuunda Twende, ambayo shujaa wake ni kakakuona dereva wa bodaboda. Kakakuona, bodaboda! Nani California angelifikiria hilo? Kazi hizi zilipata wanunuzi kwa sababu zilikuwa na kitu ambacho mnunuzi hakuwa nacho.

Kuna mtu ataniambia ng'ombe amekuwa mdogo kwake, anataka kitu cha kutisha, cha ajabu. Sawa. Hapa kwetu kuna Chemosit. Lakini angalia yaliyompata, kwa sababu ni hadithi ile ile ya macho ya nani.

A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alimweleza Chemosit kama alivyosimuliwa: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa, akijisukuma kwa fimbo mithili ya mkuki. Miaka mitatu baadaye, 1912, Geoffrey Williams akachapisha katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda habari za mnyama asiyejulikana aliyemwona huku Uasin Gishu, karibu na Sergoit. Alichoona, akamfananisha na dubu. Masetla wengine wakaleta zao, na baada ya muda dunia ikapata kitu kinachoitwa dubu wa Nandi, na huyo Chemosit akachanganywa humo humo. Leo ukimtafuta Chemosit mtandaoni utaletewa dubu mwenye meno. Yale makalio tisa yamepotea. Ile taa ya mdomoni imezimwa. Mgeni alipokutana na giza la kwetu alilijaza na mnyama wa kwao, na hilo naweza kulielewa, maana kila mtu huanza na anachokijua. Nisichoelewa ni kijana wa Turbo mwaka huu anayetaka kutengeneza filamu ya Chemosit, na anaanza kwa kupakua modeli ya dubu.

Hebu fikiria kazi iliyopo hapo kama ungeanza na simulizi yenyewe. Kiumbe cha mguu mmoja na fimbo hutembeaje? Uzito unakaa wapi fimbo inapong'oka ardhini? Mdomo ukiwa ndio taa ya shoti, mwanga unacheza vipi kwenye uso wa mtoto aliyejificha nyuma ya ghala kila kiumbe kinapofungua kinywa? Hakuna video ya mafunzo ya mambo hayo popote duniani. Itabidi uulize bibi, uchore, umtazame mzee anayetembea kwa mkongojo, umtazame kunguru anavyorukaruka. Ukimaliza, utakuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine anacho, na utakuwa umejifunza animesheni.

Sasa niwageukie walimu, kwa heshima zote, maana wanafunzi hufuata panapotolewa alama. Kuna chuo kimoja ambacho karatasi yake ya kusahihisha niliwahi kuonyeshwa. Ilikuwa na alama za ubora wa manyoya, alama za ubora wa mwanga, alama za ugumu wa modeli. Hapakuwa na alama hata moja ya mwendo kulinganishwa na mnyama halisi. Kwa karatasi kama hiyo, anayepakua simba mzuri anamshinda anayemjenga ng'ombe mwenyewe. Badilisheni. Mtake mwanafunzi alete saa kumi za kumtazama mnyama, na michoro ya mkono, hata iwe mibaya. Mtake video aliyoipiga mwenyewe, si ya kushusha. Mnyama mmoja, shoti tano, sekunde 30. Na katika shoti hizo, angalau moja ambapo mtu anamgusa mnyama, na moja ambapo kwato linaingia kwenye tope na tope linabonyea. Mguso na kivuli ndivyo vinavyomfanya mnyama awepo. Gunia la pumba likishikwa na mwigizaji wakati wa kupiga picha linatosha kumwonyesha mkono ukae wapi. Baadaye unalifuta na kumweka ng'ombe.

Wala msiniambie watu wa huku hawajui kutazama. Huu ni mji unaojua miguu kuliko mji wowote. Simama barabara ya Iten asubuhi kikundi cha wakimbiaji kikipita, na muuza chai wa kawaida atakuambia yule wa tatu anaficha goti, yule wa nyuma amerudi mazoezini juzi. Hajasomea. Ametazama kila siku kwa miaka. Macho hayo hayo mkiyaleta darasani, studio ya nje yenye kompyuta mia haina chochote cha kuyashinda.

Linabaki jambo ambalo hatulisemi. Ng'ombe anaonekana ushamba. Simba anaonekana sinema. Mtu ametoka Ziwa au Soy, amefika mjini, amenyoa kisasa, sasa ukimwambia mradi wake wa mwisho uwe ng'ombe anasikia kama unamrudisha nyumbani kwa nguvu. Namwelewa, mtaani tunachekana kwa kidogo kuliko hicho. Lakini naomba tuulizane: hiyo karo ililipwa na nini? Katika nyumba nyingi za huku, kati ya muhula na muhula, kuna asubuhi moja ambapo lori husimama nje ya boma, watu wazima huongea bei kwa sauti ya chini, na ng'ombe hupandishwa akiangalia nyuma. Pesa zile ndizo zilizokuja chuoni. Ng'ombe ameuzwa ili mtoto akasome kuunda simba.

Mimi hiyo ndiyo filamu ninayoitaka. Msichana yuko hosteli, mwaka wa pili. Kila asubuhi akifungua mlango, ng'ombe aliyeuzwa amesimama kwenye korido, anacheua. Wenzake hawamwoni. Hang'uruma, hatoi hotuba, hana hekima ya mababu. Anasimama tu, mlango ni mwembamba, ubavu unagusa ukuta na kuacha alama ya tope. Siku moja amelala pale sakafuni, msichana amechelewa mtihani na hana pa kupita. Anamsukuma begani. Ng'ombe anaanza kuinuka, nyuma kwanza. Shoti tano, sekunde 30, laptopu ya kuazima. Chukueni wazo hilo bure, sidai chochote, hata jina langu msiweke.

Au msilichukue, mna yenu bora kuliko hayo. Kuna punda wa mikokoteni ya maji, kuna kondoo wa pembeni mwa barabara kuu, kuna mbwa wa sokoni wanaojua siku ya soko kuliko sisi. Kuna tembo wa Rimoi kule bondeni Kerio, ambao watu wa Elgeyo wanajua hasira zao kwa sababu waliwahi kula mahindi yao. Chagua unayeweza kumfikia kwa matatu moja. Kaa naye. Rudi tena kesho.

Msimu ujao mkinialika nitakuja, na nitakaa mstari wa mbele na simu nimezima. Ila nikiona tena nyasi za dhahabu na manyoya ya shingo yakipepea pasipo upepo, mtaniwia radhi, nitatoka nje ninywe chai. Mkifika kwa ng'ombe, niiteni.